Mtungi Niliousugua kwa Sabuni

Niliusugua mtungi wake kwa sabuni. Naanza na kosa hilo, maana nikianza kwa kumsifu nitaonekana mtu mwema, na siku ile nilikuwa mwoga tu.

Mwenye mtungi alikuwa rafiki yangu, ingawa alinizidi miaka ishirini. Sisi wanawake wapika pombe ya mtama katika mtaa wa Bwiza tulikuwa saba, na wote tulimfuata yeye. Mimi sikufundishwa na mama wala bibi. Nilijifunza kwa kuchungulia na kuandika. Daftari langu lilijua mtama ulilowekwa siku ngapi, ukaota siku ngapi, uji ukapoa saa ngapi. Yeye hakupima chochote. Aliweka sikio kwenye mdomo wa mtungi, akasikiliza.

"Dokta," alinitania, "pombe haisome daftari yako."

"Sasa mi nitajua namna gani kama imeiva?"

"Itakuambia. We nyamaza kidogo."

Yangu ilitoka nzuri mara moja kati ya tatu. Yake haikuharibika hata siku moja.

Alikufa kwa malaria, katika juma moja. Ilikuwa miaka ya vita, tulikuwa tumezoea kuuliza risasi ilitoka wapi. Kwake hakukuwa na la kuuliza. Kwetu matanga hayaondolewi bila watu kunywa pamoja kwa mirija katika mtungi mmoja. Wenzangu wakaamua nipike mimi, tena katika mtungi wake.

Ndani ulikuwa mweusi, umeganda machicha ya miaka. Niliona aibu mbele ya wageni ambao hawajafika. Nikachemsha maji, nikausugua kwa sabuni na mchanga mpaka ukawa kama mpya, nikamimina uji na unga wa mtama ulioota. Kesho yake nikaweka sikio. Kimya. Uji ulikuwa umelala vilevile. Ndipo nikakumbuka kwamba sikuwahi kumwona akitia chachu. Chachu yake ilikuwa ule weusi.

Nilikwenda kwa mkubwa wetu, mpishi mwenye umri kuliko sote, nikamwambia nimeua pombe ya marehemu.

"Umeosha?"

"Na sabuni."

Alicheka mpaka akapangusa macho. "Dokta huyu. Enda Nyakabiga, kuko mama anauza pombe karibu na soko. Umuombe chachu."

Nyakabiga ni ng'ambo ya barabara tu, lakini vita vilikuwa vimetugawa, na miaka ile wa kwetu hawakuivuka bila sababu kubwa, na wa kwao vilevile. Nilivuka mchana, na kindoo mkononi. Yule mama hakunijua. Nilipomwambia ni matanga ya nani, aliacha kazi yake.

"Hii ni yake," alisema, akinijazia. "Wakati barabara ilifungwa, alivuka na kikombe chini ya kitenge, maana chachu yangu ilikuwa imekufa. Na tulikuwa hata hatusalimiane."

"Aliwapa wangapi?"

"Huku mi najua watatu. Kwingine sijui."

Nilirudi nimekishika kindoo kwa mikono miwili. Miaka yote nilidhani kipaji chake kilikuwa sikio. Kumbe nilipokuwa nahesabu saa, yeye alikuwa akiipeleka chachu yake katika nyumba za watu walioogopana, na hakunitajia hata mara moja.

Niliimimina chachu mtungini, na siku iliyofuata nikainama tena kusikiliza. Kwanza nikasikia moyo wangu. Kisha, chini kabisa, kitu kama mvua ndogo juu ya majani ya mgomba. Sikuandika.

Siku ya matanga, aliyepika ndiye hunywa kwanza, mbele ya macho ya wote, ili ijulikane hakuna sumu ndani. Miaka ile hakuna aliyeisahau desturi hiyo. Yule mama wa Nyakabiga alikuja, akakaa karibu na mlango. Nikavuta.

"Iko namna gani, Dokta?" aliuliza mkubwa wetu.

"Imekuwa kali kidogo."

Bado nawaza nusu siku ile niliyoiacha ichachuke kupita kiasi. Lakini yule mama alikuwa ameshainuka, mrija wake mkononi, akavuta wa pili baada yangu.