Siku Jeneza la Numbi Lilipoingia Uani Kwetu

Nilipokuwa mtoto, katika mtaa uitwao Kenya pale Lubumbashi, Kongo, maiti alikuwa na haki ya kumtaja aliyemuua. Hakusema kwa mdomo. Vijana wanne walibeba jeneza mabegani kwenda makaburini, na ikiwa marehemu alikuwa amerogwa, jeneza lenyewe lingewavuta, liwakatishe kona, liwafikishe hadi mlangoni kwa mchawi, mulozi kama tulivyomwita. Hapo nyumba ilibomolewa na mwenyewe akafukuzwa, na aliyefukuzwa tu bila kupigwa alisemekana kuwa na bahati. Hakuna aliyelitilia shaka jambo hilo, na mimi mtoto wa miaka tisa nililiamini kuliko wote. Naandika haya kwa hasira, na sehemu ya hasira hiyo inanihusu mwenyewe.

Numbi alikuwa jirani yetu, binti wa miaka sita, mcheshi, asiyetulia. Mwaka ule bomba la avenue yetu, yaani barabara yetu ya mtaani, lilikauka wiki baada ya wiki. Kila Jumamosi tulitolewa majumbani kwenda salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia barabara, tukaimba sifa za chama na za kiongozi mpaka makoo yakakauka, kisha tukarudi nyumbani kwenye bomba lisilotoa hata tone. Wakubwa walikwenda mbali na ndoo zao. Watoto tulikunywa popote.

Siku moja Nkambo, yaani bibi yangu mzaa mama, alimkuta Numbi ameinama kwenye mfereji nyuma ya soko, anachota maji kwa kopo na kunywa. Alimpokonya kopo mbele za watu.

"Acha kunywa maji ile. Utakufa weye mutoto," alimwambia, na sauti yake ilikuwa kali kwa sababu alikuwa ameogopa.

Siku chache baadaye Numbi alianza kuharisha, na kabla juma halijaisha alikuwa amekufa. Mtaa haukuhitaji ushahidi mwingine. Aliyekijua kifo kabla hakijafika, walisema, ndiye aliyekituma.

Lazima nieleze jinsi tulivyoishi nyumbani, la sivyo yaliyofuata hayatakuwa na uzito wake. Mama yangu alifariki akijifungua, na mtoto akaenda naye. Tangu siku ile Baba, aliyekuwa akifanya kazi kwenye tanuru za kuyeyushia shaba, hakukanyaga tena kanisani. "Mungu na miye hatusemezane tena," alisema, wala hakutaka mjadala. Watu wakamwita mupagani. Nkambo, ambaye hakukosa misa hata akiwa na homa, alibaki kwetu kunilea. Lakini kwa desturi zetu mkwe hamtazami usoni mama wa mke wake, haketi naye chumba kimoja, sembuse kumgusa. Miaka yote ile wakaongea kupitia kwangu, huyu sebuleni na yule uani, nami nikiwa posta yao.

Asubuhi ya mazishi Baba alikuwa amelala, ametoka kazini alfajiri. Nkambo alikuwa mkekani uani akichambua sombe, majani ya muhogo. Tulisikia nyimbo za kilio zikija, tukangoja zipite kuelekea barabara kubwa. Hazikupita. Ziligeuka, zikakaribia, zikanyamaza, na badala yake tukasikia miguu ikiburuzwa na vijana wakihema, "Anakataa! Anatuvuta!" Kisha lile jeneza dogo la mbao mbichi likaingia uani kwetu, likiyumba huku na huku, na kichwa chake kikamwelekea Nkambo.

Nyuma yake walisimama watu wa avenue nzima, wengine na mawe mkononi. Alikuwepo katekista aliyenifundisha amri kumi za Mungu, rozari ikimning'inia kwenye vidole. Nilimtazama nikitegemea kwamba atasema neno. Aliinamisha macho akaendelea kuhesabu shanga. Nimekutana na watu wabaya wengi tangu siku ile, lakini sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yule aliyekuwa akisali.

Kilichoniumiza zaidi ni Nkambo mwenyewe. Aliinuka, akajifuta mikono kwenye kitenge, akasema taratibu, "Pengine njo miye nilimuua. Muntu anaweza kuwa mulozi na yeye mwenyewe hajue." Akaanza kutembea kuelekea kwenye jeneza. Mwanamke aliyekuwa amejaribu kumwokoa yule mtoto alikuwa tayari kukiri kwamba alimuua usingizini! Na mimi, mjukuu wake, nilirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. Nilikuwa simwogopi maiti. Nilikuwa namwogopa yeye.

Ndipo Baba akatoka, kifua wazi, macho mekundu kwa usingizi na moshi. Aliangalia mara moja tu, akaelewa. Alikwenda moja kwa moja kwa Nkambo, akamshika mkono. Wanawake waliguna kwa aibu, kwa maana hilo lilikuwa jambo lisilofanyika. Nkambo alitaka kuuvuta mkono, Baba akaukaza.

"Mumuweke chini," aliwaambia vijana. "Kama Numbi anajua njia, mumuache aende peke yake."

Hakuna aliyesogea. Baba akamgeukia baba wa Numbi, aliyekuwa amesimama pembeni kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi.

"Ndugu yangu, miye nilizika muke na mutoto siku moja. Minajua vile unasikia. Lakini mutoto wako alikunywa maji ya mufereji. Huyu mama njo alimukataza. Weye ulikuwa wapi? Na miye nilikuwa wapi?"

Yule baba alianza kulia, kwa mara ya kwanza tangu msiba, nadhani.

Fundi Saidi, mshonaji aliyetoka Maniema, alipenya katikati ya watu, tepe yake ya kupimia ikiwa bado shingoni. Yeye aliswali mara tano kwa siku wala hakuwa na la kufanya kwenye mazishi ya Wakatoliki. "Mutoto anazikwa, hatembezwi," alisema, akaweka bega lake chini ya jeneza. Baba akauachia mkono wa Nkambo, akaweka lake upande wa pili. Vijana wawili wa mbele walijiondoa. Jeneza likageuka, likatoka uani, likaenda hadi makaburini bila kuyumba hata mara moja. Katekista alifuata nyuma.

Kwa miaka mingi nimejiuliza kwa nini jeneza lile liliijua nyumba ya kikongwe mmoja, lakini halikujua njia ya kwenda kwenye ofisi ya wale waliotuachia bomba kavu huku wakitudai nyimbo. Kila nikiwaza hivyo damu inanichemka upya. Wafu wetu walikuwa hodari sana wa kuwapata wanyonge.

Baba alikufa kabla ya Nkambo, akiwa bado hajasemezana na Mungu. Hakuletewa padre, na mwenyewe alikuwa amekataza. Wakati huo nilikuwa msichana mkubwa, nimejaa katekisimu kichwani, na jioni moja nilimuuliza Nkambo kama mtu wa namna ile anaweza kuingia mbinguni. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka misani. Alinitazama kana kwamba nimemtukana.

"Kama yeye haiko kule," alisema, "miye nitaenda kufanya nini kule?"

Kesho yake aliamka kama kawaida kwenda misa ya asubuhi. Nilimsindikiza hadi mlangoni mwa kanisa, nikamshika mkono kupanda ngazi, na yeye hakuuvuta.