Faulo ya Tano ya Kapteni

Habari za kifo chake zilinipata kwa kinyozi hapa Munyaka, Jumanne asubuhi, nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa. Aliyepiga simu alikuwa mmoja wa wachezaji wetu wa zamani, ambaye sasa naye ni babu. Hakunisalimu. Alisema tu, "Karani, Kapteni ametuacha. Ni ile sukari." Kwa miaka mingi hakuna mtu aliyekuwa ameniita Karani. Nilimwambia kinyozi amalize upande uliobaki, nikalipa, nikatoka nje na kusimama kando ya barabara bila kujua naelekea wapi. Wasomaji wangu mnaonifuata kila wiki mmezoea kunisikia nikilalamikia bei ya mahindi na mitaro isiyozibuliwa. Leo mnivumilie. Nina neno la kusema juu ya marehemu, na neno lenyewe linanihusu mimi kuliko yeye.

Chuo kikuu kilipofunguliwa nje ya mji, miaka ile ya chama kimoja, niliajiriwa kuwa karani wa ofisi ya michezo. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na mwandiko mzuri, na wakati huo hivyo viwili vilitosha. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye mpira wa miguu, kamba ya kuvutana na tope lililoletwa na viatu vya watu. Wiki ya pili aliingia kijana mrefu, mwembamba, mwana wa mkulima wa Chepsaita, akauliza mpira wa vikapu unachezewa wapi. Nikamwambia hauchezwi. Akasema, "Basi utachezwa. Mimi ndiye kapteni." Nikamuuliza kapteni wa nani. Akacheka, akasema, "Wewe andika kapteni, wengine watakuja." Nikaandika. Huo ndio mwanzo wa timu ya wanaume ya chuo kile, na kama kuna anayedai ulianza kwa mkutano wa kamati, mimi nilikuwepo na sikuiona kamati yoyote.

Hatukuwa na uwanja, kwa hiyo wanafunzi walisawazisha murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, kwa majembe ya kuazima. Hatukuwa na ringi, kwa hiyo nilifuatana na Kapteni hadi kwa mafundi wa jua kali kule Huruma. Alimwachia fundi mmoja mpira ili apime, akamwambia atengeneze duara ambalo mpira ule utapita. Tuliporudi, ringi ilikuwa imepakwa rangi nzuri nyekundu, na upana wake ulikuwa sawasawa na mpira, hakuna hata nafasi ya kupitisha kidole. Kapteni aliuweka mpira juu, ukakwama. "Fundi, umekwama!" Fundi akautazama bila haraka. "Ulisema upite. Si umefika katikati?" Kapteni alicheka mpaka akaketi juu ya tairi kuukuu. Fundi naye akashindwa kujizuia, akawasha tena mashine yake ya kuchomelea. Viatu tulivipata kwa mwenye duka mmoja Msomali mjini, aliyekuwa na raba nyingi za saizi moja ambazo hazikununuliwa kwa sababu zilikuwa kubwa mno. "Chukueni," alisema, "mguu wa mwanafunzi bado unakua." Wakajaza magazeti kwenye ncha za viatu, wakacheza. Walipigwa na kila mtu mwaka wa kwanza: walimu wa shule za upili, wafanyakazi wa viwandani, hata wanafunzi wa shule moja ya wavulana ambao hawakuwa wameanza kunyoa ndevu. Mwaka wa pili wakaanza kushinda.

Kazi yangu mechini ilikuwa kukaa mezani na kitabu cha alama. Asiyeujua mchezo huu aelewe jambo moja tu: mchezaji akifanya makosa matano, yaani faulo tano, anatolewa na kukaa benchi hadi mwisho. Refa anapopiga filimbi huionyesha meza namba ya mkosaji kwa vidole, na karani anaandika. Kapteni alivaa jezi namba kumi na nne. Alicheza kwa nguvu, na faulo zilimwandama kila mechi. Siku ninayoisema tulikuwa tumewakaribisha wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha mjini, mchana. Refa alikuwa mmoja, na wachezaji wetu wanane tu, kwa kuwa wengine walikuwa wamekwenda kwenye kamukunji, mkutano wa wanafunzi wa kuupinga utawala, karibu na jumba la chakula. Zikiwa zimebaki dakika chache, watu watatu waligongana chini ya ringi na filimbi ikalia. Wakati huohuo kelele zilipanda kutoka kwenye kamukunji, nami nikageuza shingo kutazama. Nilipoirudisha, mkono wa refa ulikuwa umeshashuka.

Ningeweza kuuliza. Ni neno moja tu: nani? Lakini karani anayeuliza ameonyesha kwamba hakuwa akitazama, na mimi nilijivunia mwandiko wangu na macho yangu. Nikafikiri, atakuwa nani mwingine? Nikamwandikia Kapteni faulo ya tano, nikainua bendera. Alikuja mezani akitweta. "Karani, hiyo si yangu. Mimi hata sikumgusa!" Wafanyakazi wa kiwanda walikuwa wakipiga makofi: "Profesa, kapumzike! Nenda kasome!" Namba nne, ambaye baadaye nilikuja kujua kwamba faulo ilikuwa yake, aliinama kufunga kamba za kiatu. Refa, ambaye vumbi na jasho vilikuwa vimemchanganya, akanigeukia. "Kitabu kinasemaje?" Nikajibu, "Kumi na nne." Kapteni alinitazama kidogo, akaketi benchi hatua tatu kutoka kwangu. Alikaa pale mpaka filimbi ya mwisho, akiwamiminia wenzake maji na kuwapigia kelele warudi kulinda. Tulishinda kwa kikapu kimoja.

Wakati sisi tukishangilia, mawe yalikuwa yakivunja madirisha ya ofisi za utawala. Chuo kilifungwa kesho yake. Wanafunzi wakapelekwa makwao na kuamriwa kupiga ripoti kwa chifu kila wiki, na kamati ya nidhamu ikaanza kuchuja nani arudi na nani asirudi. Mtu fulani alikuwa amewataja wachezaji wa mpira wa vikapu kuwa miongoni mwa waliorusha mawe. Niliitwa na kitabu changu, na kitabu kiliwaokoa saba: kilionyesha kwamba walikuwa uwanjani hadi mwisho. Kisha mwenyekiti akaweka kidole kwenye namba kumi na nne. "Huyu alitolewa kabla ya mwisho. Alikwenda wapi?" Wachezaji wenzake walikuwa wamekwisha kusema kwamba alikaa benchi, lakini ushahidi wa marafiki haukuhesabiwa. Nikabaki mimi. Pembeni ya chumba aliketi mtu mwenye koti la mvua ambaye hakuna aliyetuambia ni nani, na ambaye sote tulijua ni nani: jasusi wa serikali. Nilikuwa na mke na mtoto mchanga. Nikasema, "Macho yangu yalikuwa kwenye kitabu."

Jibu hilo halikuwa kweli. Nilimwona. Maji aliyokuwa akimimina yalirukia ukurasa wangu, na nilimfokea. Lakini kumtetea kulitaka nifungue mdomo mbele ya koti lile, na pengine nieleze pia kwamba faulo yenyewe niliibuni. Nikanyamaza, na Kapteni hakurudi chuoni. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja awe mhandisi.

Nimewasikia watu wakisema miaka ile ilikuwa mibaya, kana kwamba ni miaka iliyotenda. Wapo waliotisha, sikatai. Lakini palihitajika pia watu kama mimi, wenye kalamu, wanaoandika jina la mtu kwa sababu ni yuleyule anayetajwa siku zote, kisha wanaona aibu kufuta. Sikulazimishwa na yeyote kuandika kumi na nne.

Kapteni alilima na baba yake, kisha akafundisha hesabu katika shule ya karibu bila cheti, na bila shaka akasimamisha nguzo mbili za ringi. Baada ya miaka mingi alinialika Chepsaita niwaandikie alama kwenye mashindano ya shule. "Karani, mkono wako bado ni mzuri?" Nilikwenda. Filimbi ya kwanza ilipolia, nikashika kalamu, lakini binti mmoja, mwanafunzi wake aliyeketi nami mezani, akaniwahi: "Mzee, ngoja. Kwetu faulo haiandikwi mpaka mwenyewe ainue mkono." Na kweli, mchezaji akainua mkono, na wengine wakamngoja. Kapteni alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilijua ndiyo nafasi ya kukiri. Nikaulizia mvua. Akaniambia mvua ya mwaka ule ilichelewa, tukazungumza habari za mbegu mpaka gari langu likaja.

Sasa kuna mwalimu kijana pale chuoni anayeandika historia ya timu, na ameniomba nimweleze miaka ya mwanzo. Nimemwandikia kwamba faulo ya tano ya nahodha wa kwanza haikuwa yake, kwamba alikaa benchi hadi mwisho wa mechi, na kwamba niliyajua yote mawili. Nimeweka sahihi. Kabla ya kuipeleka barua, nilikwenda Chepsaita kwenye matanga nikamsomea mjane wake. Alinisikiliza mikono ikiwa mapajani mpaka nikamaliza. Hakulia wala hakunilaumu. Aliuliza tu, "Mzee, mbona hukumwambia mwenyewe? Alikuwa hapa miaka hii yote."

Niliikunja barua, nikaipeleka chuoni. Ninachoweza kuwaambia ni hiki: ukimkosea mtu, mwendee angali anaweza kukukatalia msamaha. Kapteni pengine angenikatalia, na ilikuwa haki yake. Mimi ndiye niliyemnyima hata hiyo.