Posa ya Chaza

Aibu niliyojipatia DeSoto ninayo mpaka leo, na kama mnataka kucheka chekeni sasa hivi, maana rafiki yangu Eli akiingia hapa tutabadilisha mada.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili tulikuwa tunakaa wote Alief, mtaa wa Houston, mimi nikifanya kazi ya kufungua chaza kwenye mgahawa wa samaki (harufu haitoki hata ukioga na limau), Eli akisoma chuo, visa yake ikielekea kuisha. Alikuwa amempenda Neema, binti wa Kitanzania wa mji wa DeSoto, saa nne kwa gari kutoka kwetu, raia wa hapahapa, na alimpenda kweli, mimi ni shahidi, nilikuwa nasikia simu zao kupitia ukutani. Tatizo ni kwamba watu wa kwao Neema walishaanza kunong'ona kuwa kijana hamtaki binti, anataka makaratasi. Kwa hiyo posa ilitakiwa iende kwa uangalifu mkubwa, na kwa sababu wazee wa Eli wote wako Moshi, mshenga nikawa mimi.

Sasa mnajua posa zetu. Mshenga anasimama anasema tumepita hapa tumeona ua zuri bustanini, wenyeji wanajifanya hawaelewi, mnacheka, soda zinakuja. Mimi nikaona ua limechosha. Wiki ile nilikuwa nimekuta lulu ndani ya chaza kazini, ndogo, imefubaa kama kidonge cha maumivu ya kichwa, nikaamua kuipeleka vilevile ikiwa ndani ya chaza, kwenye boksi la barafu, halafu nitoe hotuba ambayo DeSoto haijawahi kuisikia. Nilienda hadi maktaba kusoma habari za lulu.

Njiani kutoka Houston jua lilikuwa kali, AC ya gari langu imekufa, barafu ikawa maji, maji yakawa supu, tukafika tumevaa suti na tunanuka soko la samaki. Nikamweka chaza mezani, juu ya kitambaa cheupe cha kufuma, mbele ya baba yake Neema na shangazi yake, mama mmoja nesi ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa familia. Shangazi akasogeza kiti nyuma kidogo. Nikaanza.

"Wazee wangu, mnajua lulu inaanzaje? Kuna kijidudu, mnyoo, kinatangatanga hakina pa kuishi. Kinamwona chaza ametulia kwake, kinajipenyeza ndani. Chaza anajaribu kukitoa, hawezi. Basi anakifunika, utando juu ya utando, mpaka kinakuwa lulu."

Nikasubiri makofi. Ndipo nikasikia nilichosema.

"Kwa hiyo huyo mdudu ni nani?" shangazi akauliza, taratibu kabisa.

"Ni mfano tu, shangazi."

"Mfano nimeuelewa. Nauliza mdudu ni nani."

Nikasema mdudu ni shida za maisha, baba yake Neema akauliza kama ndizo tulizowaletea, pamoja na harufu yake. Nikasema basi mdudu ni mimi, akauliza kwani anayeoa ni wewe. Kila nilivyojitetea nilizidi kuzama, hadi nikajikuta naeleza (sijui nani alinituma) kwamba huyo mdudu mwenyewe huwa anafia humohumo ndani. Dada zake Neema waliokuwa wanachungulia kutoka jikoni wakaangua kicheko. Neema hakucheka, alikuwa anamtazama Eli.

Kwa desturi anayeposa hasemi kitu siku hiyo, lakini Eli akasimama.

"Baba, shangazi, naomba nijisemee. Nitamuoa Neema nikishapata makaratasi yangu kwa kazi yangu mwenyewe. Nikikosa, narudi Moshi."

"Hapo tumeelewana," shangazi akasema. "Na hicho kitu kitoeni mezani."

Walisubiri karibu miaka miwili hadi makaratasi ya Eli yakatoka, jamani, mmoja Alief mmoja DeSoto, kwa sababu ya mdomo wangu. Iliniuma, na bado inaniuma. Tangu siku ile sijamsemea mtu jambo lolote, hata mwenzangu akiniomba nimwagizie soda mgahawani namwambia aite mwenyewe.

Siku ya harusi shangazi alinijia na sahani ya pilau iliyojaa hadi ukingoni, akanishika bega. "Kula, mwanangu. Ukimaliza nakuongeza." Na kweli, kila mshereheshaji alipopita na maikrofoni kutafuta wa kusema neno, sahani yangu iliongezwa, nami nikala.