Kusubiri Bamvua Iguguno

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, riwaya ziliingia Singida kama nzige. Nasema kweli, au karibu na kweli. Kabla ya hapo duka la vitabu mjini lilikuwa na rafu tupu, chaki, na muuzaji aliyesinzia. Ghafla stendi ikajaa wachuuzi waliotundika masanduku shingoni, na ndani ya masanduku, pembeni ya betri na wembe na biskuti, mlikuwa na vitabu vipya vya hadithi vyenye majalada ambayo ukiyatazama juani yanakuumiza macho. Nilivisoma vyote. Kama kipo kilichochapishwa miaka ile nisikisome, basi mwandishi wake alikificha.

Mimi ni mhitimu wa shule ya usiku. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na ndevu ambazo mwalimu wa historia alizionea wivu, na cheti changu hadi leo kinanuka mafuta ya taa. Mchana nilikuwa muuzaji katika duka la vifaa vya ujenzi mjini. Jumamosi, duka likifungwa, nilidandia lori lolote linaloelekea Iguguno, kitabu kikiwa ndani ya shati, nikaenda kumsomea dada yangu.

Dada yangu ndiye mkubwa wetu, ndiye aliyenilea mama alipotutoka. Alikuwa na kibanda cha chai kando ya barabara. Darasa la nne alilimaliza, kusoma alijua, lakini mikono yake haikuwa na nafasi: ikitoka kwenye unga inaingia kwenye mafuta. Kwa hiyo yeye alikanda, mimi nikasoma, wateja wakasikiliza bure. Nikishuka tu kwenye lori:

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umeniletea nini?"

Hakuuliza sukari wala nyama. Aliuliza kitabu.

Shemeji hakuwepo. Aliondoka mwaka ule ambao kila mwanamume mwenye mabega aliamua kuwa tajiri, akaenda machimboni. Alimwambia dada kwamba mvua zikianza atakuwa amerudi, walime alizeti. Mvua zikaanza, alizeti dada akailima peke yake. Koti la mvua la shemeji, lile zito la kijeshi alilonunua mnadani, lilibaki kwenye msumari ukutani, mkabala na mlango. Dada alilipangusa vumbi kila wiki. Alisema mtu anayerudi na mvua atarudi amelowa, lazima akute kitu kikavu.

Basi tulisoma. Za upelelezi zilikuwa nyingi kuliko zote. Mpelelezi wa kwanza tuliyemkaribisha kibandani alikuwa na bastola isiyoishiwa risasi. Kwa makadirio yangu aliua watu wengi kuliko wakazi wa Iguguno na Ulemo wakijumlishwa, na suti yake nyeupe haikupata doa. Mimi nilishangilia. Dada aliuliza nani anamfulia. Nikarudi nyuma kurasa nyingi kutafuta, hakuna. Dada akasema basi huyo ana mke mahali, ila mwandishi anamficha.

Zikaja za kutisha. Moja ilikuwa na jini la kike lililokuwa likimtembelea karani mmoja kila Ijumaa. Dereva wa lori aliyekuwa akinywa chai aliomba niache kusoma, kwa sababu alikuwa na safari ya kupita Mkiwa peke yake. Dada hakutishika hata kidogo. Alisema jini hilo lina adabu: limesema Ijumaa, na Ijumaa linakuja.

Za mapenzi aliziona zimejaa watu wasiokula. Na ile moja iliyohusu kijiji na ukame, iliyosifiwa sana hata redioni, tuliitupa ukurasa wa kumi, kwa sababu mwandishi aliwavunisha watu alizeti mwezi wa kwanza, wakati kwetu ndiyo kwanza inapandwa. Wateja walicheka mpaka chai ikapoa. Maoni yote hayo tuliyatoa kwa Kinyiramba. Kiswahili kilikuwa cha kitabu, hukumu ilikuwa ya nyumbani.

Halafu nikaleta kile kitabu kimoja. Kilikuwa chembamba, jalada lake halina hata bastola, na kilikuwa cheupe kama kimefuliwa. Mwandishi alikuwa mtu wa pwani na Kiswahili chake kilikuwa kizito. Chetu cha bara kinakwenda kama baiskeli kwenye tambarare, hiki kilikuwa na makorongo. Nikikuta neno nisilolijua nililipita kwa kasi, sauti juu, na kwa kuwa nilikuwa msomi wa nyumba hakuna aliyenisimamisha.

Hadithi yenyewe ilikuwa ndogo. Mwanamke ana mume, mume anakwenda kukata miti ya mikoko huko ng'ambo, nasi mikoko tuliifikiria kama migunga ya mbugani kwetu. Siku ya kuondoka mume anasimama mlangoni, anamwambia mkewe atarudi maji ya bamvua yakijaa. Sura inaishia hapo. Sura inayofuata, bamvua imefika, na mume yuko uani anavua viatu. Katikati ya sura hizo hakuna kitu ila karatasi nyeupe.

Dada aliacha kukanda. "Bamvua ndiyo nini?"

Nilikwisha fungua mdomo, maana mhitimu wa shule ya usiku hahitaji muda wa kufikiri, lakini alijijibu mwenyewe. "Ni mvua. Ile kubwa. Baba wa mvua." Wateja wakaafiki papo hapo. Mzee mmoja alithibitisha kwamba aliiona kwa macho yake zamani, na ilichukua ng'ombe.

Nani angebisha? Kwetu maji yakijaa ni kwa mvua, hakuna njia nyingine. Na mvua ya namna hiyo Iguguno haiji kila mwaka. Inaweza kukuruka mwaka, ikakuruka na wa pili, ukachimba visima mchangani ukiisubiri. Kwa hiyo ile karatasi nyeupe katikati ya sura mbili ikawa miaka.

Dada akaanza kuijaza. Sikuliona hilo mwanzoni. Nilipokuja Jumamosi nyingine na kitabu kipya cha upelelezi, akasema kwanza nirudie pale mlangoni, mume anapoaga. Nikarudia. Alipoendelea na maandazi yake akawa ananisimulia yale ambayo hayamo kitabuni: jinsi yule mwanamke alivyoezeka upya paa peke yake, jinsi alivyowajibu mawifi waliomwambia ameachwa, jinsi alivyolala upande mmoja wa kitanda ili upande wa pili usimsahau mwenyewe. Alimwita mwenzangu. "Mwenzangu leo ameamka na homa," ananiambia, "lakini maji amechota."

Nilicheka. Nilikuwa mtu wa kucheka, hata sasa. Nilidhani dada yangu amekuwa mwandishi, nikamwahidi kumnunulia kalamu ndefu kama mwiko.

Kulikuwa na fundi seremala wa Ulemo, mjane, mtu mpole aliyeongea kana kwamba maneno ni misumari na ameletewa machache. Alikuja kunywa chai kila siku ya mnada. Siku moja akaleta benchi aliloliunda mwenyewe, akaliweka kibandani, akasema lililokuwepo linachana nguo za wateja. Baadaye akamtuma shangazi yetu kupeleka posa. Dada alimjibu shangazi kwa heshima zote kwamba yeye bado ni mke wa mtu, na kwamba jambo hilo lizungumzwe baada ya bamvua. Mume akija na bamvua, basi. Asipokuja, ataona.

Shangazi hakuelewa hata kidogo, lakini seremala alielewa, kwa sababu alikuwa amekaa kwenye benchi lile lile nikisoma. Alisema tu, "Haya. Na mimi naisubiri." Tangu hapo alikuwa akitazama mawingu kuliko mkulima yeyote.

Na bamvua ikaja. Wa Singida wa umri wangu hawahitaji kukumbushwa mvua ile. Ilinyesha mpaka vyura wakaomba msamaha. Mashamba ya bondeni yakawa maziwa, barabara ikakatika, malori yakalala foleni pande zote mbili na madereva wakaoa katika vijiji vya njiani. Dada alifungua mlango wa nyumba yake, akauacha wazi mvua ikipiga kizingiti, koti likionekana kutoka barabarani. Aliuacha hivyo kila siku mpaka mvua ilipokatika. Shemeji hakuja.

Seremala alikuja. Alivuka maji yaliyomfika kiunoni, akakaa kwenye benchi lake, akaagiza chai, akasubiri aambiwe. Dada alimwambia barabara imekatika, mtu hawezi kupita, hiyo haihesabiki. Seremala alikunywa chai yote, akaaga. Baada ya mavuno tukasikia ameoa Ulemo. Dada alimpelekea kitenge kama zawadi ya harusi, akarudi kukanda. Aliniambia mwenzake hakukata tamaa, naye hawezi kumwacha peke yake kitabuni.

Sasa nije kwa mke wa tajiri wangu, mwenye lile duka. Tajiri alikuwa mtu wa Singida, lakini mkewe alizaliwa pwani, mama mnene mwenye kicheko cha kutikisa misumari kwenye makopo. Mchana biashara ikilala alipenda nimsimulie riwaya, nami nilisimulia kwa kuongeza chumvi mpaka mwandishi mwenyewe asingeitambua kazi yake. Siku hiyo nikamsimulia ya yule mwanamke aliyemsubiri mumewe miaka mitatu.

"Miaka mitatu? Kwani alikwenda Ulaya?"

"Alikwenda kukata mikoko, mama. Akasema atarudi maji ya bamvua yakijaa."

Akanitazama. Kisha akacheka, kanga ikamtoka kichwani, akaiokota akicheka. "Bamvua si mvua, mwanangu. Ni bahari hiyo, maji yakijaa kupita siku zote. Mwezi ukiandama yanajaa, mwezi ukiwa mpevu yanajaa tena. Wakata boriti wote huenda hivyo. Huyo bwana kaondoka, akakata boriti zake, maji yakaja, akarudi nyumbani. Hata chumvi haijaisha chunguni."

Nilicheka naye, ndiyo adabu. Nilimpimia mteja misumari ya bati badala ya ya mbao. Mchana mzima nilikuwa nikiiona ile karatasi nyeupe, na paa lililoezekwa upya, na mawifi, na homa, na maji yaliyochotwa, na hakuna hata kimoja kilichokuwepo.

Jumamosi nilipanda lori nimeshaamua kunyamaza. Kumwambia kungesaidia nini? Seremala ameshaoa. Nilimbebea riwaya mpya ya mpelelezi aliyeweza kuendesha ndege na kuimba, nikijua ataikejeli na siku itapita.

Nilikuta mawingu ya kwanza ya msimu yametanda upande wa Mkalama na dada yuko katika hali ya kungoja, namjua. Aliniitikia shikamoo, akaifuta mikono, akakitoa kile kitabu cheupe chini ya pipa la unga. "Mpelelezi atasubiri," akasema. "Mvua hizo zinakuja. Nisomee pale mlangoni."

Nikasoma. Mume akasimama mlangoni. Nikafika kwenye maji ya bamvua. Mimi, niliyesoma maneno nisiyoyajua kwa kishindo maisha yangu yote, nilikwama kwenye neno ambalo sasa nalijua.

"Unaumwa?"

"Hapana, dada."

"Basi sema."

Nikasema. Nilimweleza bahari na mwezi kama nilivyoelezwa, bila chumvi hata punje, labda mara ya kwanza maishani. Mafuta yalikuwa yanachemka, akayaepua.

"Kwa hiyo alimsubiri kwa muda gani?"

"Wiki mbili. Pengine hata hazikutimia."

"Wiki mbili," akasema. "Unga wa debe hauishi wiki mbili." Akakichukua kitabu mkononi mwangu, akaifungua ile karatasi nyeupe, akaitazama kama mtu anayetafuta alichokiweka mwenyewe. Wateja wawili kwenye benchi la seremala waliweka vikombe chini, ingawa sidhani walijua kwa nini.

"Basi nilikuwa nasubiri peke yangu."

Nilitaka kumwambia kwamba yule mwanamke wake alikuwa bora kuliko wa mwandishi, na ningekuwa nasema kweli. Katika riwaya zote nilizosoma miaka ile, za bastola na za majini na za harusi, sijakutana na mtu aliyekamilika kama yeye. Lakini hilo ni jambo la kumwambia mwandishi, na dada hakuwa ameandika. Alikuwa ameishi.

Alikaanga maandazi yaliyobaki, akawahudumia wale wawili, akaniuliza habari za mjini. Mpelelezi hatukumsoma. Jioni manyunyu yakaanza, nikasema niwahi lori. Akaingia ndani ya nyumba. Aliporudi alikuwa na koti mkononi, msumari umebaki mtupu nyuma yake.

"Vaa."

"Dada, hili si..."

"Vaa, utalowa."

Nikavaa. Lilinifunika mpaka magotini, na mikono yangu ikapotelea ndani kama ya mtoto. Nilisimama barabarani, naye akasimama mlangoni mwa kibanda mpaka lori likapatikana. Mvua kubwa yote ile ilikuwa imepita, na koti, tangu litundikwe, lilikuwa halijapata hata tone. Matone ya kwanza yalitua begani, yakakaa juu ya kitambaa, hayakujua pa kuingilia.