Tulipokwenda Kumzika Mtu wa Masindi

Juzi nilikwenda Kyebando kumjulia hali mama mmoja mgonjwa. Wakati wa kurudi nikasikia redio kwenye kibanda cha muuza chapati ikisoma matangazo ya vifo, nikasimama. Muuza chapati akaniuliza, "Moja au mbili, mama?" Nikanunua mbili ili nipate sababu ya kukaa. Sikumjua marehemu hata mmoja, lakini nilifunga mdomo kimya, maana ndivyo bibi yangu alivyonilea.

Wewe uliyekulia Kampala zamani utanielewa. Baada ya magharibi, redio ya bibi ilitolewa chumbani ikawekwa kwenye kigoda barazani, na majirani wakaja na mikeka yao. Kahawa ya tangawizi ilichemka kwenye sigiri, sisi wasichana tukichambua mchele. Matangazo yakianza, hapana kusema. Yalisomwa Kiganda, Kinyoro, Kiteso, Kilugbara, lugha baada ya lugha, na bibi alitaka tunyamaze kwa zote, hata ile ambayo hakuna aliyeijua pale. Ukicheka, unapigwa kijiko cha mbao begani. "Na huyo ana mama yake," alisema.

Shuleni mwalimu alitufundisha kwamba Waingereza walikuta falme na makabila, kila mtu na lake, wakatuzungushia mpaka mmoja. Kisha posta, nyaya za simu na redio ndizo zikatufanya nchi. Nilipomsimulia bibi, alikunywa kahawa yake taratibu. "Mpaka hauzai ndugu," akasema. "Mimi Soroti sijafika, lakini wafu wao nimewalilia." Na kweli aliwalilia, jamani, mimi mwenyewe nimemwona akifuta machozi kwa upindo wa khanga.

Ila alikuwa na lake moyoni. Kaka yake wa pekee alioa mwanamke wa kaskazini, Mkristo, baba yao akamfukuza. Akaenda zake, na sisi tukahama mtaa, wakapoteana. Watu wetu walitoka pwani na misafara ya biashara. Ndugu tulikuwa wachache, wa kuhesabika. Bibi alichoogopa ni kimoja tu: kaka yake azikwe naye hayupo. Ndiyo maana hakukosa redio hata alipougua malaria.

Basi, jioni moja, katikati ya Kinyoro, likasomwa jina la kaka yake, likifuatiwa na la baba yao. Masindi, maziko kesho. Bibi hakulia. Alizima redio kabla matangazo hayajaisha, jambo ambalo hatukuwa tumepata kuliona, akaingia ndani akatoa sanda aliyojiwekea mwenyewe. Jirani yetu, mke wa polisi, Mteso, akaleta sukari na kumwambia bibi, "Jjajja, mimi nakwenda na wewe." Alfajiri tukaondoka, mimi nikibeba ubani.

Tulifika wakati maiti imeshaoshwa. Wakampisha bibi aage, kwa kuwa alisema ni dada. Alitazama ule uso, akatazama tena. "Huyu siye," akasema polepole. Uganda ina Waislamu wangapi wa jina lile? Hatukuwa tumefikiria. Mjane alimwangalia, macho yamevimba, akamuuliza, "Basi, mama, wewe umekuja kwa nani?"

Ningekuwa mimi ningetafuta njia ya kurudi. Bibi alikaa chini pembeni yake, akamshika mkono. "Nimekuja kwa huyu," akasema. Akatoa ile sanda, na ndiyo aliyozikwa nayo.

Alaasiri tulikuwa tunaosha masufuria wakati mzee mmoja alipoingia uani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alitokea upande wa Lira. Akasimama akitafuta kati ya wanawake, mpaka akamwona bibi. Sufuria lilimtoka bibi mkononi.

"Nilisikia kwenye redio nimekufa," akasema yule mzee. "Nikajua dada yangu atakuja kunizika. Nikaona nije, nisikuache peke yako na msiba wangu."

Bibi alimpiga kofi la bega, kisha akamwangukia kifuani akalia kilio alichokiweka miaka yote ile. Mjane wa Masindi naye akalia, na mke wa polisi, na mimi nikajiunga nao. Tangu siku hiyo watu wa Masindi wakawa watu wetu. Harusi yangu walikuja na madebe ya asali, wakaketi mbele, upande wa ndugu.

Bibi alifariki miaka michache iliyopita; kaka yake alikuwa ametangulia, na bibi alimzika kwa mikono yake, alhamdulillahi. Habari za bibi tulizipeleka kwa simu, kwenye makundi ya familia. Kabla maji ya kumwoshea hayajapata moto, kila aliyepaswa kujua alishajua. Masindi walikuja, Lira walikuja. Siku hizi kila kundi linajililia lenyewe, na jirani wa ng'ambo ya ukuta hana habari.

Baada ya maziko nilikaa mlangoni mpaka giza likaingia. Nilikuwa natamani aje mtu mmoja aliyesikia jina tu, aje atazame uso wa bibi yangu aseme siye, kisha akae. Hakuja mtu. Waliofika wote walikuwa wanamjua.