Nilivyomlilia Mukendi Akiwa Hai

Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa kumi, Lukafu. Mawingu yalijikusanya juu ya mlima tangu alfajiri, lakini mvua ikakataa kunyesha. Mke wangu Ntumba alinifungia viazi kwenye kitambaa, akanituma Lubumbashi nimlete kaka yake mkubwa, Mukendi. Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo. Mukendi, mtu wa Kasai, alikuwa msemaji katika chama kilichotaka Kongo ibaki moja, na wakubwa wenzake wote walikuwa watu wa kaskazini ya Katanga, kama mimi. Serikali ilikuwa inamtafuta. Watu wa kwao nao walikuwa wanafunga mizigo, wapande treni warudi Kasai.

Ntumba alikuwa amemfunga jogoo chini ya meza. "Huyu iko ya yaya," alisema, yaani wa kaka yake. "Usirudi mikono mitupu."

Njiani. Lori lilibeba mahindi, na sisi juu ya mahindi. Nilisinzia, na kila nilipoamka niliona miti ileile, kana kwamba gari lilisimama na nchi ndiyo iliyokuwa inapita. Sijui kueleza vizuri, nilisoma kidogo tu. Kwenye kizuizi wajandarme, askari wa Katanga, walitushusha. Sitawasingizia: mmoja wao alimshika mkono bibi mmoja mpaka chini, polepole, kama mama yake.

Kuingia mjini, Jumamosi mchana. Moshi wa kiwanda cha shaba ulilala juu ya nyumba. Jakaranda zilikuwa zimechanua, na maua yao yamefunika barabara hata sikusikia hatua zangu mwenyewe. Katikati ya mji maduka yalikuwa wazi, watu wanakunywa kahawa. Nikafikiri labda hii vita niliiota tu.

Mtaa wa Katuba, jua linapopungua. Mbele ya nyumba ya Mukendi paliwaka moto wa gogo, wanaume kwenye viti, wanawake chini kwenye mikeka. Matanga. Kwetu mkwe hafiki kwenye matanga kimya. Anaanza kulia toka mbali, anamwita marehemu kwa jina na kwa majina ya baba zake, kisha anajitupa chini. Hata kuuliza haulizi. Nami sikuuliza.

"Mukendi, shemeki yangu, unaniachia nani?"

Nilijitupa kwenye vumbi. Watu wakageuka kunitazama. Kisha mwanamke mmoja akadaka kilio changu, wengine wakamfuata, na njia yote ikawa inamlilia Mukendi. Mjandarme aliyesimama kwenye kona akaja kuuliza nani amekufa. Aliposikia jina alivua kofia, akasimama kidogo, akaondoka.

Waliniinua wakaniingiza ndani. Mukendi alikuwa ameketi kitandani, anafunga kamba za viatu.

"Shemeki," akasema, "unalia muzuri. Hata mi mwenyewe nilisikia uchungu."

Ndipo nikaelezwa. Hakuna aliyekufa. Mikutano ilikuwa imekatazwa, lakini matanga hakuna aliyeyakataza, basi chama kilikuwa kinakutana hivyo. Aliyeuliza aliambiwa kwamba shangazi wa fulani amefariki. Mimi sasa nilikuwa nimewapa maiti mwenye jina. Wengine walicheka wakiziba midomo. Tata Ngoyi, mwalimu wa kaskazini aliyekuwa mkubwa wa chama, hakucheka.

"Mukendi, muntu alisha kufa, hakuna mwenye kumutafuta tena. Wende na shemeki yako. Hakuna mwenye atakulaumu."

Alisema kwa huruma, hilo naliandika wazi. Nami nikambembeleza, nikamweleza habari za jogoo. Lakini uani kulikuwa na mtu aliyenong'ona kwamba mtu wa Kasai mwisho wake ni kukimbia. Labda nilisikia vibaya. Mukendi naye aligeuza kichwa upande ule.

"Nikikufa," akasema, "kesho banasema Kongo moja iko ya bantu ba kaskazini tu. Ba kwetu benye kubakia, batafwata nani?"

Jumapili asubuhi. Alivaa shati jeupe, akatoka kwa mlango wa mbele kwenda misa. Ukungu ulichanganyika na moshi, na yeye alikuwa anatembea ndani yake kama mtu anayerudi kweli kutoka kwa wafu. Muuza makaa aliweka kikapu chini, akafanya ishara ya msalaba. Mukendi alimpa kila mtu mkono, wa Kasai na wa kaskazini, na kwa kila mmoja alisema neno moja: "Niko." Wale waliokuwa wamefunga mizigo walianza kumfuata. Kanisani walikaa benchi moja na watu wa Ngoyi.

Kwenye kona mjandarme yule yule alimtazama. Kisha akageuza uso. Labda aliogopa mzimu, labda alikuwa mtu mwema, labda alikwenda kuita wenzake. Sijui hadi leo. Mukendi aliniambia nipande lori, nikamwambie dada yake kwamba nimemwona kwa macho.

Lukafu tena, Jumatatu. Mvua ilikuwa imenyesha njia yote. Nilidhani nimetumwa kumwokoa mtu. Sasa naona pengine nilitumwa kumwona tu, awe na shahidi. Ntumba alitazama kwanza kichwa changu, akaona sijanyoa nywele kama mfiwa. Kisha akatazama nyuma yangu. Nikamsimulia yote. Akachukua kisu, akamchinja jogoo.

Firigisi kwetu ni ya mwanaume, mgeni au mwenye nyumba. Nilingoja aiweke kwenye sahani yangu. Ntumba akaichukua yeye.

"Ya yaya iko ya yaya," akasema. "Mi njo ntamukulia."

Aliitafuna taratibu kwa niaba ya kaka yake, ananitazama. Jioni ile tulikula jogoo kwa bukari, ugali wetu.