Nilifuta Kaburi la Baba Ili Kompyuta Isikwame

Kosa ni langu, simsingizii mtu. Nalisema hapa kwa sababu nimechoka kusifiwa kwa ile nyumba.

Miaka ile kompyuta ndiyo zilikuwa zinaanza kuingia ofisi za wachoraji hapa Moshi. Mimi na mwenzangu, nimwite Elia, tulikuwa na chumba kimoja cha kuchorea nyumba, na kila siku tulibishana kuhusu programu. Yeye alitumia ile nyepesi: unavuta mistari, kuta zinasimama, basi. Mimi nilijifunza ile ngumu, inayotoa picha ya nyumba hadi kivuli na mng'ao wa vioo. Nilimdharau waziwazi. "Unachora maboksi ya viberiti," nilimwambia mbele ya wateja.

Kaka yangu wa Dar akaamua kumjengea mama nyumba mpya kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo kule Mwika. Baba alizikwa hapo hapo, nyuma ya nyumba ya zamani, katikati ya migomba. Kaburi halikuwa na saruji. Msalaba wa mbao ulishaoza, yakabaki masale, mimea ya majani marefu tuliyoipanda kulizunguka.

Elia alichora kihamba chote. Migomba ilikuwa miduara ya kijani, kaburi pembe nne ya kijivu.

"Haipendezi, lakini kila kitu kipo," akasema. "Kwenye yako kaburi liko wapi?"

Halikuwepo. Majani mengi yaliilemea kompyuta, ikawa inakwama. Nikaondoa migomba, nikaondoa masale, nikatandaza nyasi.

"Hii ni picha ya kumpendeza kaka, bwana. Siyo ramani ya makaburi."

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, mjinga mimi!

Kaka aliipenda. Akampa mkandarasi na kumwambia anataka hivyo hivyo. Mama alikuwa amehamia kwa dada yetu anayeishi Pasua, mjini Moshi, kusubiri ujenzi. Mimi niliyetakiwa kusimamia usafishaji wa kiwanja nilibaki ofisini nikihangaika na mng'ao wa madirisha. Greda likapanda, likabomoa nyumba ya zamani, likang'oa migomba na masale, likasawazisha mteremko wote. Vibarua walifuata picha, nitawalaumu vipi?

Nyumba ilipokwisha tukamleta mama. Hakuitazama.

"Mwanangu, nionyeshe alipolala baba yako."

Nikaonyesha huku, kaka akaonyesha kule.

"Mbona mnabahatisha?" akauliza.

Nilikimbilia ofisini kutafuta mchoro wa Elia. Nilikuwa nimeshaufuta mwenyewe kwenye kompyuta yetu, kupata nafasi ya picha yangu. Elia alikusanya vitu vyake akaondoka, na hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Mama anaishi humo. Wageni wanasifia bustani, lakini yeye nguo anaanika barazani na kuni anazifuata kwa kuzunguka barabarani. Hakanyagi zile nyasi, anaogopa kumkanyaga mume wake.

Nyie vijana mnaotambiana programu ipi kali, mnanikera kwa sababu najiona ndani yenu. Nendeni kiwanjani kwanza, mkamuulize mwenye nyumba ni kitu gani kisiguswe. Mimi sikuhitaji hata kuuliza. Nilijua, na bado nilikifuta.